Daktari akisema mtoto ni delicate, mama aambiwe nini?

Msomaji mmoja wa upande wa Kakamega, dada anayefanya kazi ya afya ya jamii kijijini, ameniandikia swali refu na mi naliweka hapa kwa ufupi. Alimsindikiza mama mmoja kliniki na mtoto mchanga, daktari akaongea Kiingereza akasema mtoto ni delicate, yeye akamtafsiria mama kwamba mtoto ni laini. Mama akatabasamu, akadhani mtoto wake amesifiwa. Jioni hiyo hiyo dada akasikia kwa redio kwamba hali ya mahali fulani ni delicate, halafu mdogo wake anayefanya kazi hotelini Kisumu akamwambia kwa menyu yao kumbikumbi wameandikwa delicacy. Sasa anauliza, neno moja linawezaje kuwa ugonjwa, na mambo ya siri, na utamu, yote kwa mpigo? Na chini kabisa ameongeza kaswali kadogo, kama tender ya nyama na tender ya kaunti ni neno moja.

Dada, swali lako ni zuri sana na wengi wanalo ila hawaulizi. Wacha nianze na yule mama, juu yeye hawezi kungoja tumalize habari za Kilatini.

Laini haikuwa uongo, ila haikubeba onyo. Ngozi ya kila mtoto mchanga ni laini. Daktari alikuwa anasema kitu kingine kabisa, kwamba huyu mtoto asichukuliwe kama wengine, kwamba kitu kidogo ambacho mtoto mwingine angekivumilia huyu kinaweza kumlaza. Delicate si jina la ugonjwa, hakuna dawa yake duka la dawa, ni neno la upole ambalo wahudumu hulitumia wakiwa hawataki kumtisha mzazi, na hapo ndipo penye shida kwa mtu wa kutafsiri, kwa sababu ule upole ukivuka kuja Kiswahili peke yake, onyo linabaki kule kule kwa daktari na mama anaondoka na sifa.

Kwa hivyo ukilisikia neno hilo kliniki usikimbilie kutafsiri, muulize daktari kwanza: delicate kivipi? Amezaliwa kabla ya wakati? Uzito ni mdogo? Ni kifua, ni moyo, ni damu? Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ndiye huyo tunayemwita njiti, na aliyezaliwa na chini ya kilo 2.5 anahesabiwa ana uzito mdogo hata kama miezi yake ilitimia. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta ya kutosha mwilini, ngozi yake ni nyembamba, joto linamtoka haraka, akinyonya anachoka kabla ya kushiba na maambukizi yanamshika upesi. Ukishajua hayo unamwambia mama kwa Kiswahili chetu cha kawaida tu: mtoto wako bado hajapata nguvu. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike vizuri, mnyonyeshe maziwa yako peke yake na umnyonyeshe mara kwa mara hata kama hajalia, kila anayemshika anawe mikono kwanza, na mwenye mafua asubiri apone ndio aje kumwona. Akikataa kunyonya, akiwa baridi mwili mzima, akishikwa na degedege, au akipumua mbio, yaani pumzi 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, asingoje kesho, arudi hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Soma tena hayo maneno uone, delicate halijatajwa popote na mama amepata kila kitu daktari alichotaka apate.

Utaniuliza mbona nisiseme tu mtoto ni dhaifu. Unaweza, si kosa. Lakini mi nimeona mama nyingi wakiambiwa mtoto ni dhaifu wanasikia hukumu, wanasikia mtoto ameshindwa, na wengine wanaanza kutafuta nani alimwangalia vibaya. Hilo neno bado lina kazi kubwa sana kwa lugha yetu. Bado hajapata nguvu maana yake atapata, na sisi tuna kazi ya kufanya hapo katikati. Tafadhali mrudie huyo mama umweleze, hata kwa simu.

Sasa tuje kwa neno lenyewe, na hapa ndipo mi hupenda.

Watu wengi wanadhani delicate ilianza na maana ya udhaifu halafu ikapata maana nzuri. Ni kinyume. Neno limetoka Kilatini, kuna kitenzi delicere, kumvuta mtu kwa kitu cha kumpendeza, kumtia tamaa. Kutoka hapo wakapata deliciae, yaani raha, kitu cha kufurahia, na delicatus, kitu cha raha au mtu wa raha. Waingereza walilipokea karne ya 14, na ndugu zake unawajua vizuri: delicious ni wa nyumba hiyo, delight pia ni wa nyumba hiyo. Hiyo gh kwa delight isikuchanganye, iliingizwa baadaye kwa kuiga light, hayo maneno mawili hayana undugu. Kwa hivyo mwanzo wa yote ni raha. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ile ya 1611, kwa Luka 7:25 inasema juu ya watu wanaovaa mavazi mazuri na "live delicately", kwamba hao wako kwa majumba ya wafalme. Sasa mtu wa leo akisoma haraka anaweza kufikiri ni watu wagonjwa wagonjwa wanaoishi kwa uangalifu. Hapana, ni watu wanaokula raha. Na kwa Macbeth, mchezo wa kuigiza wa Shakespeare wa wakati karibu na huo huo, jemadari Banquo anaiangalia ngome vile ndege wamejenga viota kwa ukuta anasema hewa ya pale ni delicate. Hewa tamu, hewa ya kupendeza. Mwanafunzi akiandika hewa dhaifu ameua sentensi yote, na hewa ile tamu ina kazi kubwa pale maana mfalme anaingia nyumba hiyo kuuawa.

Raha iligeukaje kuwa udhaifu? Wala hatuhitaji kwenda mbali, tuko na msemo wetu wa kulelewa kimayai. Ukisema kijana fulani amelelewa kimayai umesema mawili kwa mara moja, kwamba alipewa kila kitu kizuri na kwamba ukimpeleka shambani Ikolomani saa nne ya jua atakaa chini. Kiingereza kilipita njia hiyo hiyo polepole. Mtu wa raha akawa mtu mwenye mikono mororo, mikono mororo inachubuka haraka. Kitambaa cha bei kikawa chembamba, na chembamba hupasuka. Kufika karne ya 16 na 17 delicate ilikuwa tayari inabeba zote mbili, uzuri na wepesi wa kuharibika, na haijawahi kuziachanisha tena. Hiyo ndio tofauti yake na fragile. Fragile imetoka kwa kitenzi cha Kilatini cha kuvunja, inasema kitu kitavunjika, basi, haijali kama ni kizuri au kibaya, chupa tupu ya soda ni fragile. Delicate inasema kitaharibika na itakuwa hasara.

Hiyo maana ya afya ilikuja kukomaa sana Uingereza. Karne ya 19 familia ikisema binti yao ni delicate, majirani walikuwa wanaelewa kifua, mara nyingi ni TB inayoogopwa bila kutajwa. Mwanamke mjamzito naye alisemwa yuko kwa delicate condition kwa sababu ilikuwa aibu kutaja mimba mbele ya watu, na sisi tunaelewa stara ya namna hiyo, hata mja mzito ni njia ya kutotaja. Halafu likawa neno la serikali kabisa. Mwaka 1904 kule Charlottenburg, Ujerumani, ilifunguliwa shule ya msituni ya watoto wenye afya mbaya, wanasoma nje kwenye hewa safi, wanalishwa, wanalazwa mchana, na mwaka 1907 baraza la London likafungua ya kwake Bostall Wood. Na kanuni za shule za Uingereza za 1945 zilipopanga watoto wanaohitaji elimu maalum, kundi moja liliandikwa hivyo hivyo, delicate, pamoja na wasioona, wasiosikia, wenye kifafa na wengine. Kwa hivyo neno hilo kinywani mwa daktari ni zito kuliko linavyosikika. Mi nadhani ndio maana daktari wako aliliona linatosha bila maelezo, na kwa Kiingereza lilitosha.

Lakini sasa kuna maana moja inayokwenda upande mwingine kabisa na hii watu huikosa. Ukienda Rosterman au Ikolomani, huko ambako watu wanachimba dhahabu tangu miaka ya 1930, utamwona mnunuzi na kamizani kadogo kanakopima nukta za gramu, hata ukipumua karibu namba zinacheza. Hiyo mizani kwa Kiingereza ni delicate instrument. Si kwamba ni mbovu, wala si kwamba itavunjika, ingawa ukiiangusha itavunjika. Sifa yake ni kwamba inahisi kitu kidogo sana ambacho mizani ya gunia la mahindi haiwezi kuhisi. Hapa Kiswahili kizuri ni mizani nyepesi kuhisi, au mizani ya kupima kitu kidogo kabisa. Ukiandika mizani dhaifu hakuna mtu atauza dhahabu yake hapo.

Chai pia. Majani yetu mengi ya Kericho na Nandi hutengenezwa kwa chai nzito, rangi iwe kali, iweze kubeba maziwa na sukari na bado uisikie. Sasa kuna chai nyeupe, ya machipukizi machanga, na mnunuzi wa ng'ambo akiionja anasema ina delicate flavour, anamaanisha ladha ya mbali, inayokuja taratibu, inayotaka utulie ndio uipate. Ni sifa kubwa na wanailipia pesa nyingi. Sisi kwa masikio yetu chai isiyo kali ni chai ya mtu aliyeishiwa na majani. Basi usiseme chai nyepesi, watacheka. Sema ladha yake ni ya taratibu, au ladha isiyo kali, halafu eleza harufu yake.

Nguo ni rahisi. Kwa mitumba ya Kibuye ukipata blauzi imeandikwa delicate kwa lebo ya ndani, wanakuambia usiikamue, maji yasiwe moto, fua kwa mkono bila kusugua. Hamna zaidi.

Ile ya redio ndio tamu. Kiswahili kina maneno mawili mazuri hapo na watangazaji huyachanganya, tete na nyeti. Hali tete ni hali inayoweza kuporomoka wakati wowote, inashikiliwa na kitu chembamba. Jambo nyeti ni jambo linalogusa pale panapouma, ukiligusa vibaya mtu anaruka. Delicate inabeba zote mbili na ni mtafsiri wa kuchagua. Chukua mazungumzo ya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya wa 2007, watu wa Nakuru na Kisumu hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea. Kofi Annan, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipokuwa anawakalisha pande mbili mpaka wakatia sahihi mapatano tarehe 28 Februari, mazungumzo yalikuwa tete kwa sababu siku yoyote upande mmoja ungeweza kuinuka mezani. Na mambo mengine yaliyoguswa, hasa ardhi, yalikuwa nyeti, na yanaendelea kuwa nyeti hata pale ambapo hali si tete tena. Mwandishi wa habari akiandika moja mahali pa nyingine, msomaji anapata picha isiyo sawa ya hatari iliyopo.

Na hapo kwa nyeti kuna kitu cha kutazama. Kiingereza kina kinyume, indelicate, ila kinyume hicho kinakanusha maana moja peke yake. Huwezi kuita jiwe indelicate ati kwa sababu halivunjiki. Indelicate ni mtu asiyejua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Mtu anafika matangani, marehemu hajazikwa, anamuuliza mjane cheti cha shamba kiko wapi. Hiyo ni indelicate. Kiswahili chake ni kukosa staha, na ile delicacy ya mtu anayejua kushika jambo kama hilo ni staha, au busara, kulingana na nani anaongelewa.

Ukiniuliza mi nafanyaje nikikutana na neno hili kwa sentensi nisiyoijua, najiuliza ni nini kitaharibika hapa, na nani anaambiwa awe mwangalifu. Mtoto ataugua, mama awe mwangalifu. Mapatano yatavunjika, wanasiasa wawe waangalifu. Ladha itapotea, mpishi asijaze pilipili. Nikishapata jibu naandika hilo jibu, na mara nyingi linakuwa refu kuliko neno moja na hiyo sioni shida, tafsiri haihesabiwi kwa maneno.

Tuje kwa kumbikumbi wa mdogo wako. Delicacy kama jina ina sura mbili. Ikisimama bila wingi ni ile staha, au wororo, au wepesi wa kuharibika. Ikiweza kuhesabika, a delicacy, delicacies, basi ni chakula, na hapo neno limerudi nyumbani kwa ile raha ya Kilatini. Ni chakula kinachotafutwa, si cha kila siku, kina msimu au kina bei. Kumbikumbi wanatosha kabisa, wanaruka baada ya mvua, ukiwakosa umewakosa mpaka msimu mwingine, na hawahitaji mafuta kwa sufuria, wanajikaanga kwa mafuta yao na chumvi kidogo. Waluhya wanawaita chiswa, Wajaluo ng'wen, na hakuna anayehitaji kuambiwa ni watamu.

Ila muonye mdogo wako kidogo. Delicacy haiko ndani ya chakula chenyewe, iko kwa mtu anayekula. Omena kwa mgeni wa hoteli ni delicacy, kwa nyumba nyingi za Kisumu ni mboga ya Jumanne. Na mbuta ndio mfano unaoniuma. Minofu inaenda viwandani na nje ya nchi, kile kifuko cha hewa cha ndani kinakaushwa na kupelekwa China ambako ni chakula cha bei kubwa cha wageni wa heshima, na watu wa ufukweni wanabaki na mgongo wazi, mifupa na kichwa, wanaikaanga na kuila na ugali. Samaki mmoja, delicacy iko sehemu moja tu na anayeivua mara nyingi haionji. Kwa hivyo kwa menyu ningependa waandike jina lenyewe, kumbikumbi wa kukaanga wa msimu wa mvua, waseme wametoka wapi na wamekaangwaje. Local delicacy mara nyingi huandikwa na mtu anayeona chakula cha wenzake ni cha ajabu na anatafuta njia ya kukisema kwa adabu.

Kuna neno jirani, dainty, ambalo wengi wanalitumia kama pacha wa delicate, kitu kidogo kizuri, au kwa wingi vitafunio vidogo vitamu. Lakini asili yake si ile raha, ni dignitas ya Kilatini, ile ile iliyozaa dignity. Lilipitia Kifaransa cha kale likiwa na maana ya thamani na heshima, likashuka mpaka kwenye sahani. Nikifundisha hili upande wa Uluhyani sipati shida hata kidogo, nataja imondo. Ile firigisi ya kuku ni kadogo, haishibishi mtu, lakini kila mtu anajua inawekewa nani, mzee wa nyumba au mgeni anayeheshimiwa, na kuna nyumba zimegombana kwa sababu imondo ilipotea jikoni. Chakula kidogo kinachobeba heshima ya mtu, hiyo ndio dainty ya mwanzo kabisa.

Matamshi nayo, haraka tu: mwisho wake unasomwa kit, si keit. Ni kama separate na moderate zikiwa sifa. Ukisema delikeit watakuelewa ila mtihani wa kusikiliza utakukata alama. Na delicacy inaandikwa na c mbili.

Kaswali kako ka tender. Si neno moja, ni mawili yaliyofanana sura kwa bahati. Tender ya nyama, na ya moyo wa huruma, na ya umri mdogo, imetoka kwa tener, laini, changa. Hii ndio jirani wa delicate, na ile Biblia ya 1611 huziweka pamoja, Kumbukumbu la Torati 28:54 kuna mwanaume tender na very delicate, yaani aliyelelewa kimayai. Tender ya kaunti imetoka kwa tendere, kunyoosha, mtu ananyoosha mkono akitoa bei yake mbele ya mwenye kazi, na legal tender inayosemwa kuhusu noti ni hiyo hiyo, pesa ambayo ukiinyoosha kulipa deni inakubalika kisheria. Kwa Kiswahili ile ya nyama ni laini, ya moyo ni upole au huruma, na ya kaunti ni zabuni.